Folda ya Kwa Fundi Saa

Mama Kufuli hakuwa na mtoto anayeitwa Kufuli, wala hakuwahi kuuza kufuli hata moja. Jina lilimganda pale ofisini kwa sababu ya maradhi yake ya kufunga. Afunge dirisha, afunge droo, afunge mpaka kopo la sukari. Mkuu wa ofisi alimwambia siku moja kwamba akifa watamzika na funguo mkononi.

"Mkinizika nazo mtaingiaje ofisini, wajinga nyie?" akajibu, na wote wakacheka, kwa maana hakuna aliyemshinda mdomo.

Maradhi hayo hakuyaokota barabarani. Aliwahi kuolewa na mtu aliyemfundisha kulala na viatu miguuni, tayari kukimbia. Alipokimbia kweli, alipata kazi ya kutunza stoo ya nafaka sokoni, na huko akafundishwa somo la pili: gunia lisiloandikwa jina ni mali ya mwizi. Basi akatoka na masomo mawili maishani. Funga. Andika jina. Aliyashika yote mawili kama mtu anavyoshika sala, na hakuwahi kufikiri kwamba iko siku somo moja litamla mwenzake.

Kibao cha ofisi yao kiliandikwa "Ushauri kwa Akina Mama", na watu walidhani humo ndani wanawake hufundishwa kupika na kuvumilia. Kazi yenyewe ilikuwa nyingine. Ofisi ilikuwa na nyumba tatu za siri mjini, ambamo wanawake waliotoroka vipigo walilala na watoto wao. Waliwaita wageni. Kila nyumba ilikuwa na laptopu yake, na ndani yake maelezo ya wageni, barua za daktari, picha za migongo na shingo, yaani kila kitu ambacho hakimu angetaka kukiona.

Wakati fulani wezi walivunja ofisi wakachukua kompyuta, na kesi ya mama mmoja ikafa mahakamani kama taa iliyoishiwa mafuta, kwa sababu ushahidi wote uliondoka na mashine. Hapo ndipo Mama Kufuli alipoapa kwamba kila kilichomo katika nyumba zile kitakuwa na nakala ya akiba mahali pa mbali, pasipofikiwa na mwizi wala moto.

Mahali hapo palikuwa seva ya kukodi, iliyokaa katika jengo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuliona. Ofisi isingeweza kuikodi peke yake, kwa hiyo walichangia na majirani: mpiga picha mwenye studio, chuo cha udereva, na mchapaji wa kadi. Walikaa humo kama wapangaji wa nyumba moja. Kila mtu na chumba chake, lakini korido ni ya wote, na anayepita koridoni huiona milango yote.

"Wapite tu," Mama Kufuli alikuwa akisema. "Waone mlango. Ndani wataona nini?"

Kwa kweli wasingeona kitu. Kabla faili halijatoka kwenye laptopu ya nyumba, programu yake ililisimba, ikalisaga na kulikoroga kwa ufunguo aliokuwa nao yeye na Mkuu tu. Kilichofika kwenye seva kilikuwa uji wa herufi. Atakayeiba ataiba uji.

Lakini mtu wa stoo ni mtu wa stoo. Juu ya kila folda aliandika jina. Moja aliiita kwa-fundi-saa, ya pili kwa-ngazi-nyekundu, ya tatu kwa-bomba. Hayo ndiyo majina ya utani ya zile nyumba, waliyoyatumia kwenye simu ili wasitaje mtaa. Kwake yeye jina la utani lenyewe lilikuwa kufuli. Programu ilikuwa na kitufe cha kusimba hata majina ya folda. Alikiona siku ya kwanza, akakicheka. Gunia bila jina? Nani mwendawazimu?

Juma lile alikuja mgeni mpya na binti yake mdogo, wakapelekwa kwa Fundi Saa. Mama Kufuli mwenyewe ndiye aliyekaa naye kuhamisha vitu vya kwenye simu yake, rekodi za miaka na miaka, alizozirekodi simu ikiwa chini ya mto.

"Mbona kimya hivi?" Mama Kufuli aliuliza, sikio likiwa kwenye spika. "Sisikii mtu akigomba."

"Hagombi, dada. Hapandishi sauti hata siku moja. Akisema 'kwa hisani yako', mimi nafunika kichwa."

Mama Kufuli aliminya kitufe, na folda ya kwa-fundi-saa ikaanza kunenepa.

*

Mkutano wa wachangiaji wa seva ulifanyika alasiri, ndani ya studio ya mpiga picha, mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Mpiga picha waliyemwita Tabasamu, kwa sababu hilo ndilo neno alilowaambia wateja mchana kutwa, alikuwa amewaita kwa jambo moja: seva imejaa.

"Kwanza tumkaribishe mwenzetu mpya," alisema. "Yule mchapaji kahama, nafasi yake kaichukua bwana huyu. Ana duka la spea kule barabara ya stendi."

Bwana yule aliinamisha kichwa. Shati lake lilipigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate, na mkononi alivaa saa nzito ya chuma. Mwalimu wa udereva, aliyejulikana kama Mwalimu Breki, alimpa mkono. Mama Kufuli naye akampa.

"Karibu, shemeji. Hapa tunagombana, lakini hatuumani."

Yule bwana alitabasamu kidogo tu.

"Sasa," Tabasamu akasema, akigeuza kioo cha kompyuta yake wote wakione, "kuna watu humu wanakula nafasi kama nguruwe. Simtaji mtu. Mama Kufuli! Wewe na ofisi yako ya ushauri wa akina mama! Hii kwa-fundi-saa ina nini? Ilikuwa nyembamba, juma moja tu imeota kitambi!"

Mwalimu Breki alicheka. Mama Kufuli alifungua mdomo amrudishie, na utani ulikuwa umeshafika kwenye ncha ya ulimi.

"Kwa hisani yako, mama," sauti ya chini ikasema kutoka upande wa pili wa meza. "Ni fundi saa gani huyo?"

Sauti ilikuwa ileile aliyoisikia kwenye spika. Mji ule zamani ulikuwa na mafundi saa kila kona, lakini wote walishageuka mafundi simu. Aliyebaki alikuwa mmoja, na juu ya kibanda chake kulikuwa na vyumba viwili, na katika chumba kimojawapo, muda huo huo, mwanamke mmoja pengine alikuwa akimsuka binti yake.

Cheka, alijiambia. Cheka, mwanamke, usipocheka umeua.

Akacheka.

"Fundi saa ni mjomba wangu, shemeji. Marehemu. Ameacha picha nyingi kuliko watoto, na watoto aliacha kibao."

"Pole sana," bwana yule akasema. "Na kwa ngazi nyekundu?"

"Hao ni shangazi zangu. Ukoo wetu mkubwa. Tukifiwa tunakodi uwanja."

Chini ya meza kidole gumba kilikuwa kikitafuta herufi kwenye simu. Alimwandikia Mkuu: *Mume wa mgeni wa fundi saa niko naye hapa. Amejua. Watoeni sasa hivi.*

Jibu lilikuja upesi, simu ikatetemeka kwenye paja lake. *Umeanza. Juzi ulisema waziri anakuja, nikavaa viatu vya harusi.*

Ni kweli alisema hivyo. Mkuu alikuwa na mchumba wa miaka mingi asiyejua njia ya kwenda kwao kutoa posa, na kwa hiyo Mama Kufuli hakuwahi kumwita jina jingine ila Bibi Harusi. Mbele ya wageni, Bibi Harusi. Kwenye barua za ofisi, Bibi Harusi. Na juu ya hayo alimtania kwa habari za uongo kila alipopata nafasi. Sasa ukweli ulikuwa mkononi mwake, na hakuna aliyekuwa tayari kuupokea.

Akaandika tena. *Mkuu. Nakuomba.*

Alingoja. Simu ilinyamaza kimya.

"Basi, kwa hisani yenu," bwana wa spea alisema, akianza kusogeza kiti nyuma, "kama mnakubaliana mengine, mimi—"

"Kaa chini, shemeji!" Mama Kufuli alipiga meza. "Utatoka vipi na jambo halijaisha? Mimi nimesemwa kitambi mbele yako, nawe ukae ushuhudie nikijitetea. Tabasamu! Unanisema mimi? Wewe umejaza seva picha za harusi ambazo ndoa zenyewe zimeshavunjika! Futa kwanza hizo."

"Ah, we mama, wateja wanaweza kuzitaka!"

"Nani atazitaka? Yule wa mwaka juzi aliyemkimbiza mumewe na mchi, leo aje kuomba albamu? Mwalimu Breki, sema kweli. Si tufute waliopeana talaka?"

"Mimi nakubali," Mwalimu Breki akasema, akifuta machozi ya kicheko. "Tukifuta walioachana, nafasi itabaki tele hata ya kufundishia lori."

"Na waliohama vyumba lakini hawajaachana?"

"Hao tuwapunguze ukubwa!"

Studio ilijaa vicheko. Mama Kufuli alirusha neno juu ya neno, kama mtu anayerundika viti mlangoni, na kila alipocheka aliitazama mikono ya yule bwana. Ilikuwa imetulia juu ya meza, bila haraka, kidole kimoja kikisugua kioo cha saa.

"Ndoa haivunjiki, mama," alisema kicheko kilipopungua. "Huvunjwa na watu wa nje." Akasimama. "Kwa hisani yenu. Saa yangu imesimama. Niiwahishe kwa fundi kabla hajafunga."

Alipopita karibu yake, Mama Kufuli aliitazama ile saa. Mshale wa sekunde ulikuwa ukizunguka vizuri kabisa.

*

Yule bwana alikuwa na gari. Mama Kufuli alipata pikipiki, akamwambia dereva apite vichochoroni, asijali mashimo wala mbuzi. Njia nzima alikuwa akipiga simu. Ya Mkuu iliita mpaka ikakatika. Ya nyumba ya Fundi Saa ilikuwa imezimwa. Hakujua kama imezimwa kwa sababu wameondoka, au kwa sababu mtoto ameimalizia chaji kwa michezo, na kati ya hayo mawili palikuwa na maisha ya mtu.

"Mama, unanibana mbavu," dereva alilalamika.

"Endesha, mwanangu. Mbavu zitaota nyingine."

Gari lilikuwa limeshafika. Lilisimama mbele ya kibanda, milango imefungwa vizuri, kama la mtu asiye na haraka. Fundi Saa alikuwa dirishani pake, lenzi jichoni, ile saa nzito ya chuma imelala kifudifudi mbele yake na mgongo wake umefunguliwa.

"Mwenye saa yuko wapi?" Mama Kufuli aliuliza.

"Mtu wa ajabu," Fundi Saa alisema bila kuinua kichwa. "Nimemwambia inatembea. Kasema fungua hivyo hivyo, nasubiri. Kisha hasubiri, kapanda juu kuulizia chumba cha kupanga."

Ngazi zilikuwa za saruji, nyembamba, zenye giza hata mchana. Mama Kufuli alizipanda akishika ukuta. Mlango aliokuwa akiwasisitiza wageni waufunge mara mbili na kuweka komeo ulikuwa wazi.

Bwana yule alisimama peke yake katikati ya chumba. Vitanda viwili vilikuwa vimevurugika, shuka moja imeburuzwa hadi sakafuni. Laptopu haikuwepo mezani, waya wake tu ulining'inia ukutani. Alikuwa ameweka kiganja kwenye birika lililokuwa juu ya jiko dogo kando yake, amekiacha hapo, kama anayempima mtu homa.

"Bado la moto," alisema.

Mama Kufuli alishika fremu ya mlango. Ndani ya hofu kulikuwa na jambo moja jema: hawapo. Hawapo, hawapo.

"Chumba hiki hakipangishwi, shemeji."

"Nimejaribu kuyafungua mafaili yako, mama. Tangu nilipoingia kwenye seva yenu, maana sipendi mlango uliofungwa." Aliongea kama anayesifia mapishi. "Hayafunguki. Kijana wangu wa kompyuta naye kashindwa, kasema aliyefunga hapa kafunga. Lakini jina hukulifunga. Nililisoma, nikawa sijui ni la nani, mpaka leo rafiki yako aliponitajia ofisi yako."

Mama Kufuli alikuwa amepigwa sana katika maisha yake, kwa mkono na kwa mkanda, na hakukumbuka pigo lililoingia mahali lilipoingia hilo.

Bwana yule aliinama, akaokota kitu chini ya kitanda. Kilikuwa kitana cha mtoto, cha rangi ya waridi, nywele mbili tatu zimenasa kwenye meno.

"Hiki nilikinunua mimi. Kwa hisani yako, utamwambia mama yake kwamba ninacho." Akakitia mfukoni mwa shati, akakipapasa. Kisha akaja mlangoni, taratibu, mpaka Mama Kufuli akasikia harufu ya pasi kwenye shati lake. "Unaweza kuniambia wewe mwenyewe walikokwenda. Tukamaliza kwa amani."

"Sijui."

"Mtunza funguo hajui?"

"Sijui," alisema tena, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa akisema kweli tupu. Bwana yule alimtazama machoni, akatafuta, akakosa. Mkono wake ulipanda taratibu ukaishika fremu ya mlango juu ya kichwa cha Mama Kufuli.

"Bwana wa saa!" sauti ilipanda kutoka chini. "Bwana wa saa, njoo! Springi imeruka, siioni! Nilikwambia nisifungue!"

Mkono ulibaki juu muda kidogo. Kisha ukashuka, ukanyoosha kola. Aliteremka kama alivyopanda, bila kishindo. Mama Kufuli alisikia wakibishana kule chini juu ya springi, fundi akifoka na mwenzake akisema kwa hisani yako, kwa hisani yako, halafu gari likawaka na kuondoka. Ndipo alipokaa pale juu ya ngazi, akavua viatu, akavikumbatia.

Simu iliita.

"Wametoka," Mkuu alisema, akihema. "Kwa mlango wa kuanikia nguo, nyuma. Nilidhani ni mizaha yako, nikaiweka simu chini. Halafu nikasoma tena. Hujawahi kuniita Mkuu toka nikujue. Miguu ikaanza kukimbia kabla yangu."

"Mtoto?"

"Mzima. Analilia kitana chake."

Mama Kufuli alijaribu kucheka, kikatoka kitu kingine. "Wako wapi sasa?"

Mkuu alifunga mlango kwanza.

"Hutaambiwa," alisema, kwa upole mkubwa. "Wewe wala mwingine. Kuanzia leo anayepeleka ndiye anayejua, basi."

"Mimi? Mimi niliyeweka komeo kila mlango?"

"Na jina ulilolibandika juu yake je?"

*

Nyumba ya Fundi Saa haikutumika tena. Wala zile nyingine mbili. Wageni wote walihamishwa. Mama Kufuli alipeleka rekodi na ripoti polisi, akasimulia habari ya birika na kitana mpaka afande aliyekuwa akichezea kalamu akaiweka chini. Tabasamu alipoambiwa, alimwondoa bwana wa spea kwenye seva bila kuuliza swali hata moja, na kwa mtu kama Tabasamu huo ulikuwa msiba tosha.

Kisha Mama Kufuli akakaa mbele ya kompyuta, akakitafuta kile kitufe alichokicheka. Akakiminya. Majina yakasagika moja baada ya jingine, kwa-ngazi-nyekundu ikawa mfuatano wa herufi na tarakimu usiotamkika, kwa-bomba vilevile. Ile ya kwa-fundi-saa aliiacha mwisho. Aliitazama kidogo, halafu nayo ikaenda.

Alikuwa amebaki na stoo iliyojaa magunia yasiyo na jina. Mkono ulimwasha kama wa mtu aliyeacha sigara.

Siku zilizofuata hakuna kilichoingia. Kila asubuhi alifungua seva kabla ya kufungua dirisha, akakuta magunia yake yamelala vilevile, hayajakua hata punje. Hakuuliza. Mara mbili alifika mlangoni kwa Mkuu, akageuka na kusingizia sukari.

Halafu asubuhi moja folda mojawapo ilikuwa imenenepa. Mahali fulani, katika chumba asichokijua, mtu alikuwa ameketi mbele ya laptopu akaandika, akahifadhi. Mtu aliyekufa haandiki. Mtu aliyerudishwa nyumbani kwa nguvu haandiki.

Alichukua simu. *Bibi Harusi, uji umefika.*

*Wa wapi?* Mkuu aliuliza, maana naye alipenda kumjaribu.

Mama Kufuli alifunga droo, akafunga kopo la sukari, akajibu kwa kidole kimoja.

*Sijui. Na usithubutu kuniambia.*